Diski Iitwayo Kemigisha

Mafaili yaliyofichwa yalikuwa matatu. Yalikuwa matatu siku ya kwanza Deodatha alipokalia kile kiti, yakaendelea kuwa matatu kila Jumatatu kwa mwaka mzima, na Jumatatu hii ya mvua, mwezi wa tatu wa mwaka tisini na sita, yakawa manne.

Alidhani macho yamemdanganya. Akaandika tena amri, CHKDSK, herufi moja moja kwa kidole cha shahada, akabonyeza ENTER, akangoja. Kompyuta ya ghala la Nkwenda ilikuwa nzito na yenye maringo. Ukiiuliza jambo haikujibu papo hapo. Ilifikiri kwanza, na ikifikiri, diski yake ilisaga ndani ya kisanduku, kr, kr, kr, kama mtu anayetafuna kahawa kavu. Kisha mistari ikajipanga kiooni. Nafasi yote iliyomo. Nafasi iliyobaki. Mafaili yaliyofichwa: manne. Na juu ya yote, kwa herufi kubwa, ule mstari wa kwanza alioulaani kila Jumatatu kabla hata ya kuusoma. Jina la diski: KEMIGISHA.

Kemigisha alikuwa mke wa kwanza wa mume wake, na alikuwa amekufa.

Watu husema huwezi kumwonea wivu maiti. Wanaosema hivyo hawajaolewa na mgane. Mke mwenza aliye hai huzeeka, hununa, huunguza maharage, na mume akaziona kasoro zake. Aliyekufa hana kasoro tena. Hapiki, kwa hiyo haunguzi. Deodatha alikuwa na miaka ishirini na mitatu, macho mazuri na cheti cha kidato cha nne, na bado haikupita siku bila kupimwa na mwanamke asiye na mwili. Alikuwa na wivu, tena si wa kuficha. Mapazia ya nyumba ile alishayabadilisha mara mbili kwa sababu tu hakujua nani aliyachagua.

Mume wake, Aristides Byarugaba, alikuwa bwana ghala wa mradi uliogawa mbegu, majembe na mablanketi kwa wakimbizi na kwa wenyeji waliowapokea. Kemigisha ndiye aliyekuwa karani wa kwanza wa kompyuta, wakati huo Nkwenda nzima ikija kuchungulia dirishani kuona mwanamke akiandika bila kalamu. Alipiga herufi kwa vidole vyote kumi bila kuzitazama, huku akitafuna akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna ambayo wazee humkaribisha nayo mgeni. Mwaka wa tisini na nne, wiki ambayo wakimbizi walijaa barabarani kama maji ya mafuriko, homa ya siku nne ikamchukua. Aristides alimzika kwenye kibanja chake kule Nyakasimbi siku ya Alhamisi, na Jumatatu alikuwa ghalani akipokea malori. Matanga hayakuanuliwa. Kila mwezi alisema mwezi ujao.

Mafundi walikuja baadaye, diski ya zamani ilipokufa. Fundi mmoja wa Bukoba, Methodius, alifunga mpya, na mashine ikauliza diski hii iitwe nani. "Andika jina lolote, mzee," Methodius alisema. Aristides, ambaye tangu mazishi hakuwa amelitamka jina lile mbele ya watu, aliinama mwenyewe kwenye kibao cha herufi akaliandika.

Sasa, kule Karagwe jina la marehemu hupewa mtoto. Mtoto hunyonya, hulia, hukua, na aliyekwenda hupata pahali pa kutulia. Lakini hilo hufanyika matanga yakishaanuliwa, na hupewa mtoto, si bati. Aristides alijua hayo yote tangu utotoni. Alikuwa na huzuni, na mwenye huzuni haombi ushauri.

Hayo Deodatha aliyajua nusunusu tu. Alichokuwa nacho ni daftari aliloacha Methodius, lenye maagizo kwa mwandiko wa kubana: kila Jumatatu andika CHKDSK ujue hali ya diski, soma jina lake, nafasi, na mafaili yaliyofichwa, yaliyofichwa ni matatu, ni ya mashine yenyewe, usiyaguse, yakizidi, andika ATTRIB uone ni lipi limewekewa alama ya kufichwa, kisha uiondoe. Alitaka kufanya hivyo, lakini saa kumi na moja ilishafika. Jenereta la mradi liliwashwa saa nane na kuzimwa saa kumi na moja, wala halikumngoja mtu. Kioo kikafumba.

Akapita sokoni kununua chumvi. Kwenye kona ya wauza viazi akamwona mama yake mzazi, Evangelina, amekuja kutoka Rugera na kikapu cha maharage kichwani. Deodatha alifurahi, akamkimbilia.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu." Mama akamtazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama karani wa watu. "Samahani, uzee huu. Wewe ni wa kwa nani vile?"

Deodatha akacheka akidhani ni utani. Mama hakucheka. Alirekebisha kata chini ya kikapu, akamtakia jioni njema, akaenda zake kwenye gari la Rugera.

Usiku ule Deodatha alilia, Aristides akambembeleza akisema wazee husahau. Kesho yake saa nane jenereta liliponguruma alikuwa tayari amekaa. Akaandika ATTRIB. Majina ya mafaili yakashuka kiooni, moja kwa kila kata: NKWENDA, NYAKASIMBI, na mengine, na ndani ya kila moja yaliandikwa majina ya watu wa kata hiyo. Pembeni mwa moja tu palikuwa na herufi H. Faili la RUGERA, alimoandikwa Evangelina na binti yake Deodatha. Halikufutwa. Lilikuwepo, na kila mtu ndani yake alikuwepo, ila ukipita usingeliona.

Akaiondoa alama. Kr, kr, kr, diski ikasaga, kwa kununa, au ndivyo alivyoona. Yaliyofichwa yakawa matatu.

Jumatano mama yake akatokea ghalani, amelowa, na chupa ya maziwa mkononi. "Mwanangu Deodatha, nisamehe," alilia. "Jumatatu kitu gani kilinipita machoni? Nimefika nyumbani, jana mchana natwanga, ghafla nakumbuka nina binti. Nina binti, na nimempita sokoni!"

Deodatha akamshika mama yake mikono. Juu ya bega la mama aliiona kompyuta, ingali imewaka. Palikuwa na harufu ya akamwani ndani ya chumba, ile harufu ya majani yaliyochemshwa pamoja na kahawa mbichi, na yeye akamwani hakuipenda hata kidogo. Akajiambia mtu amepita nayo dirishani.

Jumatatu iliyofuata yaliyofichwa yalikuwa matano. RUGERA tena, na faili la WATUMISHI, lililokuwa na jina lake mwenyewe katika mstari wa pili. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Aristides. Akaziondoa alama zote mbili. Akakagua: matano. Akaziondoa tena, safari hii akikaza macho asipepese. Alipofichua hili, lile likajificha. Alihangaika hivyo mpaka shati likamganda mgongoni, na kila alipobonyeza ENTER mashine ilitafuna taratibu, kama mtu mwenye muda wote duniani.

Saa kumi na moja mlinzi, Anatory, aliingia kufunga. Alizima jenereta, akatupa macho chumbani, macho yake yakapita juu ya Deodatha bila kusimama, akatoka akafunga mlango kwa kufuli.

"Anatory! Mimi nimo humu!"

"Hamna mtu," Anatory alimwambia mtu huko nje. "Nimeangalia."

Alipiga mlango kwa viganja, akapiga kwa kiti, akaita mpaka sauti ikakwama. Alimsikia Anatory hatua chache tu kutoka pale akiongea habari za mvua na za mbuzi wake, bila wasiwasi wowote. Kisha ikaja sauti ya Speciose, mama mfagiaji: "Anatory, nifungulie, nimesahau ndoo yangu." Kufuli likafunguka. Speciose akaingia, akaokota ndoo, akamkamata Deodatha kiganja akamvuta nje mbele ya pua ya mlinzi.

"Wewe unaniona?" Deodatha alinong'ona walipofika nyuma ya ghala.

"Nakuona. Kwa nini nisikuone?" Speciose alikuwa mtu wa asili ya Rwanda, wazazi wake walivuka miaka ya sitini, naye akazeekea Nkwenda akifanya vibarua. "Lakini wenzio hawakuoni, tangu asubuhi. Umewaamkia wote, hakuna aliyeitikia. Nilidhani mmegombana."

"Mama Speciose, wewe uko kwenye faili gani?"

"Mimi? Mimi wa kutwa, mwanangu. Nani ameniandika mimi?"

Deodatha akakimbia nyumbani, maana sasa hofu ilikuwa na jina moja tu. Alikuwa amefichwa kama binti na kama karani, lakini faili la NYAKASIMBI lilikuwa bado wazi. Humo ndimo alimoandikwa Aristides pamoja na nyumba yake, mke wa Aristides: Deodatha. Alimkuta mume wake barazani, akamwita, naye Aristides akageuka, akatabasamu, akamuuliza mbona anatweta. Akamkumbatia mpaka yule mtu mzima akaona haya. Wengine wote wanisahau, alijisemea, mama anisahau, Mungu anisamehe, lakini huyu asinisahau.

Ndivyo alivyosema. Na aliyekuwa akisikiliza alikuwa na wivu uliouzidi wake, maana wake ulikuwa wa mwaka mmoja, na wa mwenzake ulikuwa umefungiwa ndani ya kisanduku bila chakula, bila matanga, ukiwashwa saa nane na kuzimwa saa kumi na moja.

Jumanne yaliyofichwa yakawa sita, NYAKASIMBI likiwamo.

Alirudi nyumbani akitembea polepole, kwa sababu aliyajua yaliyokuwa yakimngoja. Aristides alikuwa mezani. Alikuwa amepakua mwenyewe ndizi na maharage, sahani mbili, na mbele ya kiti kitupu alikuwa ameweka kibakuli kidogo cha akamwani. Alikuwa akizungumza. Alieleza habari za lori lililokwama Rugera, alinyamaza mahali ambapo mtu angejibu, akacheka. Deodatha akavuta kiti kile, akakaa, akamshika mkono. Mkono ule ulikuwa na joto. Aristides alimtazama usoni, hasa usoni, na macho yake yakajaa mapenzi ambayo mke huyu wa pili hakuwahi kuyaona hata siku ya harusi.

"Kemi," alisema, "leo mvua imeninyeshea kweli."

Kama angempiga, angestahimili. Kama angemfukuza, angekwenda Rugera akalie kwa mama yake. Lakini kutazamwa hivyo, kwa furaha ile iliyokuwa ikitafutwa na yeye mwaka mzima kwa mapazia mapya na mapishi mapya, halafu furaha yenyewe ikawa inapita katikati ya uso wake kwenda kwa mwingine! Alisimama akapiga kelele. Aristides aliendelea kula, akisikiliza kwa makini maneno ambayo Deodatha hakuyasikia.

Alfajiri Speciose alimpeleka kwa mzee Polikarpi, nyuma ya vilima vya Nkwenda, ndani ya migomba minene. Polikarpi Jumapili alikuwa akipitisha kikapu cha sadaka kanisani, na siku nyingine sita alichimba dawa. Padri alilijua hilo na aliugua tumbo kama watu wengine. Yeye pia alimwona Deodatha. Alisema hajawahi kuandikwa popote ila katika kitabu cha ubatizo.

Deodatha alimsimulia yote. Kisha akauliza swali moja tu.

"Jina la marehemu limo ndani ya kitu hicho mpaka leo?"

"Limo, mzee. Kila nikikikagua, ndilo linaloanza."

"Na matanga hayajaanuliwa." Mzee akatikisa kichwa. "Mawe, mama wee! Ninyi mtasema ni jini. Huyu si jini, mwanangu, huyu ni mtu aliyepewa nyumba isiyo na mlango. Mnamwita kila Jumatatu, anaitika, halafu mnamzimia taa. Wewe ungekuwa na roho nzuri?"

"Mimi nimemkosea nini?" Deodatha alilia. "Hata sikumjua!"

"Hasidi hana sababu. Unalala kwake, unakalia kiti chake, unakula kwake. Sababu gani nyingine unataka?"

Akamweleza la kufanya, kwa sauti ya chini, akirudia kila neno. Atwae punje tatu za akamwani, aziweke juu ya mashine. Amwambie marehemu kwa jina lake kwamba matanga yameanuliwa, arudi Nyakasimbi akalale. Kisha alifute jina.

"Linaondoka, hilo jina?"

"Linaondoka, mzee. Kuna amri yake, LABEL. Ukiiandika, mashine inakuuliza jina jipya. Usipotaka jina unabonyeza tu, inabaki bila kitu."

"Basi bonyeza tu." Polikarpi akamshika kifundo cha mkono, akamkaza. "Nisikilize vizuri. Usiipe jina jingine. La mtakatifu, la mbwa, la mtu yeyote, usiipe. Pahali pale pameshakuwa kaburi. Jina litakaloandikwa pale, mwenye jina ndiye maiti, na aliyekuwamo atapata njia ya kutokea. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Pabaki patupu. Hata kama roho inakuuma."

Alikuwa ameelewa kabisa. Lisije likasemwa kwamba hakuelewa.

Siku hiyo mvua ilianza kabla ya saa nane, ile mvua ya masika inayopiga mabati mpaka watu wakae kimya. Anatory aliwasha jenereta akaenda kujikinga. Speciose alisimama mlangoni na ufagio wake, akisali kwa Kinyarwanda. Deodatha akaziweka punje tatu juu ya kisanduku, akawasha, na kabla hata kioo hakijang'aa harufu ya akamwani ikajaa chumbani, nzito, ya majani na moshi na kinywa cha mtu.

"Kemigisha," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile kwa mdomo wake. "Matanga yameanuliwa. Nenda Nyakasimbi ukapumzike."

Diski ikasaga. Haikuwa imeulizwa kitu. Kr, kr, kr, ikanyamaza, ikasikiliza, ikaanza tena karibu zaidi, hata akahisi mtafuno ule kwenye mifupa ya sikio lake mwenyewe. Akaandika LABEL kwa kidole kilichokuwa kikiteleza kwa jasho. Kioo kikajibu kwamba diski hii inaitwa KEMIGISHA, kisha kikauliza jina jipya, herufi zisizozidi kumi na moja, au ENTER kama hakuna. Kijistari kikawa kinapepesa, kinapepesa, kikingoja.

"Bonyeza, mwanangu," alinong'ona Speciose. "Bonyeza tutoke."

Kidole kilikuwa juu ya ENTER. Kilikuwa juu yake kabisa, na kingeshuka, na hadithi hii ingeishia hapo kwa amani, kama mlango wa ndani usingefunguka na Aristides asingeingia akijifuta mvua kichwani, akapita nyuma ya kiti, akaweka mikono yake miwili juu ya mabega ya Deodatha na kuinama mpaka pumzi yake ikagusa shingo yake, akasema kwa ile sauti ya mtu aliyerudishiwa kilichopotea, "Kemi wangu, bado tu unafanya kazi?" Na Deodatha, mabega yake yakiwa yamebeba mikono isiyomkusudia yeye, macho yake yakiwa kwenye lile jina lililokaa juu ya kila kitu mwaka mzima, likisomwa la kwanza kila Jumatatu, likiandikwa kwa mkono wa mwanamume huyuhuyu ambaye jina la Deodatha hakuwahi kuliandika mahali popote kwa hiari yake ila kwenye cheti cha ndoa, alipandwa na kitu kichungu kuliko hofu, na kwa mara moja hiyo tu alitaka kukaa pale alipokaa yule, aonekane yeye kwanza, asomwe yeye kwanza, hata kama ni ndani ya bati.

Akaandika DEODATHA. Akabonyeza ENTER.

"Mawe!" Speciose akaangusha ufagio. "Mwanangu, umefanya nini?"

Kelele za diski zikakoma. Mvua ikasikika tena. Aristides akamwachia mabega, akarudi nyuma hatua moja, akapepesa macho kama mtu aliyetoka gizani.

"Deodatha? Deodatha, ulikuwa wapi? Nimekuwa nikikutafuta, nadhani. Siku hizi kichwa changu..." Na akalia, palepale, mbele ya mama mfagiaji.

Deodatha akakagua kwa CHKDSK. Mafaili yaliyofichwa: matatu.

Ikafuata furaha. Siku nne nzima, wala nisimnyime. Anatory alimwamkia na kumwombea radhi bila kujua kwa kosa gani. Mama yake alikuja na kuku. Aristides alimwita kwa jina lake asubuhi na jioni, akaapa kwamba Jumamosi ya mwezi ujao wataanua matanga Nyakasimbi yaishe. Deodatha alijiona ameshinda, na akasema moyoni kwamba wazee wana vitisho vingi. Ilibaki Speciose tu, aliyekuwa akimkwepa. Lakini Speciose, alijiambia, ni mtu wa vibarua, nani anamhitaji?

Jumamosi alipokuwa akiosha vyombo aligundua taya zake zinasogea. Akatema kiganjani. Ilikuwa akamwani, imeshatafunwa nusu, na hakukumbuka kuitia kinywani. Ndipo alipozikumbuka zile punje tatu juu ya mashine, kwamba alipozima hazikuwapo. Jumapili kanisani aliimba wimbo ambao hakuwahi kufundishwa, sauti ya pili, na akina mama wa kwaya waliokuwa mbele waligeuka wote kwa pamoja. Nyumbani akajikuta ameshusha mapazia mapya na kutundika ya zamani. Alipouliza mikono yake imefanya nini, mikono haikuwa na habari naye.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jumatatu ikafika, na saa nane, na jenereta.

Deodatha alikaa kitini akiwa na nia moja: aandike LABEL, abonyeze tu, aache patupu. Akainua kidole cha shahada. Vidole kumi vikashuka juu ya herufi. Vilikwenda mbio, vyepesi, bila yeye kuvitazama, vikaandika CHKDSK, na mistari ikaanza kutoka, na akataka kusoma mstari wa kwanza lakini herufi zilikuwa kinyumenyume, zote, kama maandishi ya dirishani unapoyasoma ukiwa ndani. Nyuma ya herufi hizo palikuwa na uso. Uso ulikuwa wake. Ulikuwa umeegemea mbele, umemulikwa na kioo, unatafuna taratibu, na ulimtazama bila chuki yoyote, kama mtu anavyoangalia nyumba aliyoihama.

Speciose akaingia na ufagio. "Shikamoo, mama Speciose," lilisema lile umbo kitini, kwa sauti ya Deodatha. Speciose hakuitikia. Hakumtazama aliyekaa. Alitazama kioo, akakitazama muda mrefu, machozi yakamjaa, akafanya ishara ya msalaba na kutoka kinyumenyume.

Kisha akaja Aristides, akashika egemeo la kiti.

"Umemaliza, Kemi?" Akajisahihisha, akacheka kwa haya. "Deodatha. Nisamehe, mke wangu."

"Si kitu," lilijibu. "Yote mawili ni majina yangu."

Deodatha akaita. Aliliita jina la mume wake kwa nguvu zake zote, akaliita tena, na kilichotoka kilikuwa kr, kr, kr.

Aristides akainamisha sikio. "Sikia diski hiyo. Inataka nini?"

"Haitaki kitu. Imezoea kulalamika." Mwanamke yule akainuka, akatoa akamwani mfukoni, akampa mume punje moja na kubaki na moja. "Twende nyumbani."

Waliondoka wameshikana mikono. Nje Anatory aliangalia saa yake, ilikuwa saa kumi na moja kamili, akazima jenereta.